Hali ilivyo ina kura yake tayari: mwongozo kamili wa kushawishi watu mkutanoni

Ukisimama kwa mkutano wa ploti (jengo la nyumba za kupanga), kwa chama (kikundi cha kuweka akiba), kwa baraza la chifu ama pale bustani ya Jeevanjee mjini Nairobi na wale wazee wa Bunge la Mwananchi, ule mjadala wa wananchi wa kawaida, ukasema "mimi napendekeza tufanye hivi", jua kuna mpinzani wako tayari yuko hapo na hajainua mkono na wala hataongea. Huyo ni hali ilivyo, ile wanasiasa na wanahabari wetu huita status quo. Haina haja ya kuongea juu watu wakienda nyumbani bila kuamua kitu, yenyewe imeshinda. Nairobi tuko na watu wanaongea vizuri sana, utani upo, sauti iko, na bado pendekezo linakufia kwa ile "wacha tuliangalie mkutano ujao". Ukisikiza vizuri utapata dakika zote kumi walikuwa wanasifu kitu kipya, na hiki cha zamani hawakukigusa hata kidogo.

Mwongozo huu ni wa kukigusa hicho cha zamani. Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: ploti ya nyumba 24 huku Eastlands, Nairobi, maji ya mfereji yanakuja siku 4 kwa wiki, siku zile 3 zingine watu wananunua mitungi kwa mkokoteni, na wewe unataka wapangaji wachange wanunue tenki ya lita 10,000. Hesabu ni za mfano tu, weka za kwenu.

Hatua ya 1: Jua mzigo uko kwa nani

Kabla uandike chochote jiulize, tukikosa kuelewana leo ni nini kitaendelea kesho asubuhi? Hicho ndicho hali ilivyo, na anayetaka kiondoke ndiye ana kazi ya kuthibitisha. Katiba yetu ya 2010 kwa kifungu cha 122 inasema kura zikitoshana Bungeni hoja imeanguka, na anayeongoza kikao hana kura ya kuiokoa, yaani sare ni ushindi wa mambo yalivyo. Kortini ni vile vile, kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi kinaweka mzigo kwa yule anayetaka korti iamue kitu. Kwa upande wa ufasaha aliyelifafanua jambo hili zaidi ni kasisi Mwingereza anaitwa Richard Whately, alikuwa Oxford, mwaka wa 1828. Yeye alisema kilichopo kinasimama mpaka mtu alete sababu ya kutosha ya kukitoa, na alikuwa makini hapo, hakusema kilichopo ni kizuri, alisema tu anayekipinga ndiye aanze kuongea.

Kama ulipitia midahalo ya shule unakumbuka ile mosheni ya "shule za bweni zifutiliwe mbali", proposa (anayeleta hoja) anaanza kwa moto mkali, halafu oposa (anayeipinga) mjanja hasumbuki hata kusifu bweni, anangoja tu proposa aache shimo aingilie hapo. Kwa ploti wewe ni proposa. Kubali hivyo na uache kulalamika ati majirani ni wagumu, si ugumu, ni vile mchezo umepangwa.

Lakini angalia vizuri, kuna watu wanabeba mzigo ambao si wao. Chama kiko na sheria imeandikwa na kusainiwa kwamba mkopo unalipwa kwa miezi 6, mwenyekiti ameanza kuwapa marafiki zake mwaka mzima, na wewe unasimama kuomba "tubadilishe hii tabia". Hapana. Hali ilivyo hapo ni ile sheria, wewe unaitetea, na yeye ndiye aeleze kwa nini iguswe. Fungua kwa kusoma ile sheria kwa sauti, ukae chini, umwache ahangaike nayo.

Hatua ya 2: Eleza mambo yalivyo mpaka mpinzani aseme "eeh, ni hivyo"

Hapa ndio kazi kubwa iko na ndio watu wanarukanga. Unasimama unasema "hapa hatuna maji kabisa, tunateseka!" na mama wa nyumba ya chini anajibu "kwangu yalikuja jana". Umeisha. Si ati amedanganya wala wewe hujadanganya, ni vile presha ikiwa kidogo maji yanafika gorofa ya chini na hayapandi juu, kwa hivyo ndani ya ploti moja kuna hali ilivyo mbili na wewe umeongea kama iko moja.

Chukua kijitabu, pita mlango kwa mlango, si lazima nyumba zote lakini hakikisha umefika kila gorofa. Uliza vitu vichache: siku ngapi mfereji ulikauka wiki iliyopita, ulinunua mitungi mingapi, kwa bei gani, nani aliipandisha ngazi. Hilo la mwisho usiliache, juu kuna mtu analipa kijana wa mkokoteni kumbebea mpaka gorofa ya nne na hiyo pesa haihesabu kama bei ya maji, anaiona ni ya kijana. Ukimuuliza atafikiria kidogo halafu atakwambia, na uso utabadilika hapo hapo mlangoni, na hiyo ni kura umepata bila hotuba.

Andika pia kile kinafanya kazi. Mwenye mkokoteni anakopesha mpaka mwisho wa mwezi, tenki haitakopesha mtu. Keyateka, yule mtunza ploti, anafungulia pampu asubuhi bila kulipwa. Ukiyasema haya wewe mwenyewe mbele ya watu, wale walikuwa wameyabeba kama silaha wanabaki mikono mitupu.

Halafu uliza ni nini kinasonga, maana hali ilivyo huwa haijasimama. Pengine bei ya mtungi imepanda tangu mwaka uanze. Pengine landilodi ameahidi kuchimba borehole, na mtu atasimama aseme "tungoje borehole". Nenda umuulize landilodi mapema, ni lini, amelipa mtu, kuna karatasi? Kama ni ahadi tupu ya kila Krismasi unataka ulijue kabla ya mkutano, na kama ni kweli borehole inakuja mwezi ujao basi rudi nyumbani upumzike, huna hoja.

Mwisho wa hatua hii uwe na sentensi tatu zisizo na neno la kutia chumvi. Mfano: "Mfereji unakauka siku 3 kwa wiki, sana sana kuanzia gorofa ya pili kwenda juu. Siku hizo nyumba moja inanunua kama mitungi 3 kwa siku, shilingi 20 kila mtungi. Hiyo ni shilingi 180 kwa wiki, karibu 720 kwa mwezi." Msomee mtu anayepinga tenki, peke yenu, kabla ya siku. Akisema hapo umeongeza, punguza.

Hatua ya 3: Tafuta ni nini kinaishikilia

Majirani wako si wajinga. Kitu kibaya kikikaa miaka na kila mtu anakiona, kuna kitu kinakishikilia, na usipokitaja watu watahisi hujui unachosema hata kama hawawezi kueleza kwa nini. Kule Marekani kwa ile midahalo ya sera ya mashule ya upili na vyuo, hiki ni kipengele kizima cha kuthibitisha: usiseme tu kuna shida, onyesha ni kizuizi gani kinafanya isijitatue yenyewe.

Angalia zile juala za plastiki. Kenya ilijaribu kuzizuia 2007, ikajaribu tena 2011, na mara zote mbili ilikuwa inalenga zile nyembamba, sasa niambie nani ataenda soko la Gikomba kupima unene wa juala kwa mkono. Kizuizi hakikuwa watu kukosa kujua zinaziba mitaro, kila mtu aliona mitaro. Ile iliyoshika ni ya tarehe 28 Agosti 2017, ambayo ilitoa mifuko yote ya kubebea bila kujali unene, na faini ya shilingi milioni 2 mpaka 4 ama jela mwaka 1 mpaka 4. Mtu aliyesimama 2016 kuongea juu ya juala na akaeleza tu vile zinachafua, alikuwa anaeleza kitu kila mtu anajua. Aliyeeleza kwa nini zile za kwanza zilianguka ndiye alikuwa na hotuba.

Kwa ploti yetu kizuizi kiko wapi? Si pesa sana. Ukiuliza vizuri utapata ni hili: wapangaji wanahama, na tenki ikishafungwa juu ya nyumba ni ya landilodi, sasa kwa nini mtu anayefikiria kuhama Desemba atoe pesa Agosti? Hiyo ndio roho ya mambo yote na haiko kwa uso wa mtu yeyote, wote watakwambia "pesa hakuna". Ukiigundua, pendekezo lako lenyewe linabadilika, hutaki tena mchango wa bure, unataka landilodi aandike kwamba mchango wa kila nyumba utakatwa kwa kodi kidogo kidogo ama mpangaji anayeingia atamrudishia anayetoka.

Na uangalie nani anafaidika. Kama keyateka anapata kitu kidogo kwa wenye mikokoteni usimtaje mkutanoni, utamfanya adui na atafunga hata huo mfereji. Mpe kazi kwa mpango mpya, awe ndiye anashika ufunguo wa tenki na kulipwa kwa hiyo.

Hatua ya 4: Heshimu hofu ya kupoteza

Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha 1979 kwamba uchungu wa kupoteza kitu unamzidi mtu nguvu kuliko raha ya kupata kitu cha thamani ile ile. Baadaye Kahneman na wenzake Jack Knetsch na Richard Thaler waliwapa wanafunzi vikombe, wengine hawakupewa, halafu wakauliza bei: waliokuwa na kikombe walitaka karibu mara mbili ya ile wasio nacho walikuwa tayari kulipa. Kikombe ni kile kile. Na 1988 William Samuelson na Richard Zeckhauser walipata kwamba ukiwapa watu orodha ya njia za kuwekeza urithi, na ukawaambia pesa tayari iko mahali fulani, wengi wanaelekea kuiacha hapo hapo.

Sasa chukua hiyo uilete kwa chama cha akina mama ambacho kimekuwa cha meri-go-raundi (wote wanachanga, mmoja anapewa zote kwa zamu) miaka yote na wewe msichana wa juzi unataka pesa iende kwa Sako, ule ushirika wa akiba na mikopo. Ukisema "hii njia imepitwa na wakati" umewaambia kwamba walichojenga ni takataka, na walisomesha watoto na hiyo meri-go-raundi. Anza na kile kitabaki: siku ya kukutana itabaki, zamu zitabaki, chai itabaki, kinachoenda Sako ni ile ziada inayolala kwa mkoba wa mweka hazina. Orodha ya vitu vitakavyobaki iwe ndefu kuliko ya vitakavyobadilika, na iseme kwanza. Na kama kuna mzee ama shosho aliyeanzisha kitu, mwendee nyumbani kabla, usimshtue mbele ya watu, hapo hata hoja nzuri namna gani itakufa kwa heshima.

Hatua ya 5: Piga bei ya kukaa tu

Watu huhesabu bei ya kubadilika na kusahau kwamba kukaa pia kuna bei, sababu inalipwa kidogo kidogo na haina risiti. Kazi yako ni kuandika hiyo risiti. Nyumba inayonunua mitungi inatoa shilingi 720 kwa mwezi. Tenki na mabomba na fundi, tuseme 130,000, ambayo ni kama 5,400 kwa nyumba. Kwa hivyo kwa miezi 8 ya kununua mitungi nyumba hiyo imemaliza pesa yake ya tenki na bado haina tenki. Sema hivyo halafu nyamaza kidogo, usiongeze mfano mwingine juu yake.

Kama unataka kuona hii kwa kiwango cha nchi, linganisha kura mbili za maoni. Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walikataa rasimu ya katiba, machungwa (alama ya "La") yakashinda ndizi (alama ya "Ndiyo"). Tarehe 4 Agosti 2010 karibu theluthi mbili ya waliopiga kura wakakubali nyingine. Mara zote mbili hali ilivyo ilikuwa ile ile katiba ya zamani. Sababu ni nyingi na rasimu hazikuwa sawa, lakini kwa jicho la msemaji kuna hii: 2005 mjadala wote ulikuwa juu ya makosa ya kitu kipya, na katikati hapo ikaja damu ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na mapatano ya Februari 2008 chini ya Kofi Annan, ambapo marekebisho ya katiba yaliwekwa kwa meza. 2010 mtu wa "La" alikuwa anaulizwa swali ambalo 2005 hakuulizwa sana, sawa, na tukibaki na hii ya zamani, uchaguzi ujao tutafanyaje?

Onyo moja. Bei ya kukaa isiwe ya kutisha watu bure. Ukisema "tusiponunua tenki kipindupindu kitatumaliza" na hakuna mtu ameugua, umerudi kwa kosa la hatua ya 2.

Hatua ya 6: Omba kitu kidogo chenye mlango wa kutokea

Fupi hii. Usiombe milele, omba miezi mitatu, halafu watu wakae waangalie. "Tuanze na nyumba zilizo tayari, zikifika 15 tunaongea na landilodi, zisipofika kila mtu anarudishiwa pesa yake kwa simu siku hiyo hiyo." Ukishafaulu, baada ya hiyo miezi mitatu tenki yenyewe ndio imekuwa hali ilivyo, na anayetaka itolewe ndiye atabeba mzigo. Ujanja wa haki kabisa.

Hatua ya 7: Ukiwa wewe ndiye unatetea

Watu wanadhani kutetea mambo yalivyo ni kazi ya wazee waoga. Kumbuka Wangari Maathai, yule mwanaharakati wa mazingira, 1989. Serikali ya KANU, chama tawala cha wakati huo, ilitaka kujenga jumba la gorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya Nairobi, na sanamu kubwa ya rais, pesa nyingi ikiwa ya mkopo wa nje. Yeye, ambaye tunamjua kama mtu wa kuleta mageuzi, pale alikuwa anatetea hali ilivyo: bustani ibaki bustani. Na hakupoteza muda kuthibitisha kwamba Uhuru Park ni safi ama imepangwa vizuri. Alirudisha mzigo kwa wenye jumba. Mnahitaji deni hili la nini? Je, mngejenga kitu kama hiki katikati ya Hyde Park kule London, ama Central Park ya New York? Wabunge walimtusi kweli kweli, lakini kwa hilo swali hawakuwa na jibu, mwishowe wafadhili wakajitoa na jumba halikujengwa.

Kwa hivyo ukiwa upande huo, usijisumbue kusema kila kitu kiko shwari, utaonekana kipofu. Kubali shida iliyopo, halafu uliza vitu viwili: hii dawa yenu inatibu hiyo shida kweli, na kuna kitu tunapoteza ambacho hatutaweza kukirudisha? Bustani ikishakuwa jumba hairudi kuwa bustani. Tenki mbaya unaweza kuuza.

Hatua ya 8: Hotuba yenyewe

Dakika tatu, nne ukizidisha. Mpangilio ni huu kwa maneno ya kuongea, ubadilishe uwe wako:

"Wazee wetu, akina mama, majirani, hamjambo. Nimepita milango wiki hii na asanteni kwa kunifungulia. Nimepata hivi: mfereji unakauka siku 3 kwa wiki, gorofa ya chini kidogo wako afadhali, kuanzia ya pili kwenda juu ni mitungi. Kijana wetu wa mkokoteni ametufaa sana na anatukopesha, hiyo tusisahau. Nyumba moja inatoa kama 720 kwa mwezi na hiyo sijaweka ya kupandisha ngazi. Kwa miezi 8 umelipa tenki na huna tenki. Sasa najua kwa nini hatujanunua, si ati hatuna akili, ni kwamba tenki ikifungwa ni ya landilodi na wengine wetu tutahama. Nimeongea naye, amekubali kuandika kwamba mchango utakatwa kwa kodi. Barua ni hii. Kodi haipandi, keyateka wetu anabaki na atashika ufunguo. Naomba tu leo nyumba zilizo tayari ziandike jina, tukifika 15 tunaendelea, tusipofika pesa inarudi."

Umeona hiyo tenki yenyewe haikusifiwa hata mara moja? Hakuna rangi, hakuna kampuni, hakuna "ya kisasa". Watu wanajua tenki ni nini.

Maswali yatakuja na mengi ni hali ilivyo inaongea kwa mdomo wa mtu. "Kwani tumekufa na kiu miaka yote hii?" Jibu bila kicheko: "Hatujakufa, tumelipa." "Kwa nini tusingoje wengine waanze?" Sema ni nani hao wengine na lini, kama hakuna jina hakuna wengine. "Mimi niko gorofa ya chini, maji yangu yako sawa." Huyu ana haki, usimlazimishe, mwache nje ya mchango na umwambie mlango uko wazi, ukimkaba ndiye atakusanya wale waliokuwa wanasitasita.

Na mtu akisema "tuliangalie mkutano ujao", usikatae, mwombe katibu aandike kwa kijitabu cha kikao: tumeahirisha mpaka tarehe fulani, na kati ya leo na hiyo tarehe kila nyumba ya juu itakuwa imenunua mitungi kadhaa ya shilingi fulani. Aandike hiyo namba, na mkutano ukifunguliwa isomwe kwanza.